Mamtoni ni Pangani

Nimechoka na Bordeaux. Sijafika huko, na huenda nisifike, lakini ndani ya mwaka mmoja nimepelekwa mara tatu na hadithi za vijana wenzangu wa hapa hapa Bariadi. Kila safari mambo ni yale yale: marafiki wanne, likizo, mto mpana, hoteli yenye baraza linalotazama maji, chupa ya mvinyo mwekundu, na binti wa Kifaransa ambaye, kwa sababu zisizoelezwa, anajua Kiswahili. Mhusika mkuu anaitwa Rogers. Kama si Rogers basi ni Eric. Hana mama, hana shamba, hadaiwi na mtu. Anainua glasi, anatazama machweo, anasema jambo zito kuhusu maisha. Mwisho.

Msinielewe vibaya. Sisemi kijana wa Bariadi asiandike habari za Ulaya eti kwa kuwa hajapanda ndege. Hiyo ni hoja ya watu wanaotaka tubaki kuandika habari za mbuyu na bibi mchawi mpaka kiama. Mtu ana haki ya kumpeleka mhusika wake hata mwezini. Ugomvi wangu ni mwingine kabisa: waandishi hawa wamefika Bordeaux, japo kwa akili, na bado hawakuiona. Wameuona mvinyo, pipa hawakuliuliza. Mji wa biashara ulijengwa kwa mizigo, na mzigo una mbebaji. Mwandishi asiyemtafuta mbebaji ameandika kadi ya posta.

Hebu tuitazame Bordeaux yenyewe. Uko kusini-magharibi mwa Ufaransa, mahali mto Garonne unapojipinda kama mwezi mchanga, hata bandari yake ikaitwa Bandari ya Mwezi. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2007. Matajiri wa mvinyo walikuwa na mtaa wao, Chartrons, wenye maghala yaliyopangana kando ya maji. Hayo Rogers anayajua, maana yamo kwenye simu. Asilolijua ni kwamba katika karne ya 18 mvinyo haukusafiri peke yake. Meli ziliondoka pale na mvinyo, unga na nguo, zikaenda visiwa vya Karibea, zikarudi zimeshiba sukari, kahawa na nili. Na meli nyingine, safari zinazokaribia 500 kwa hesabu za wanahistoria, zilipitia kwanza Afrika kununua watu. Waliopakiwa ni zaidi ya laki moja. Zile kuta nzuri za mawe ambazo Rogers anaziegemea akipiga picha, sehemu ya hela yake ilitoka huko.

Msiniambie hayo ni ya Afrika Magharibi, sisi hayatuhusu. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Na mwaka 2019 wenye mji wa Bordeaux walisimamisha kando ya Garonne sanamu ya shaba ya mwanamke mmoja, kazi ya mchongaji wa Haiti, Woodly Caymitte. Mwanamke huyo anaitwa Modeste Testas. Jina alilopewa kwao linaandikwa Al Pouessi. Alizaliwa upande wetu huu wa mashariki, Ethiopia, akakamatwa akiwa mtoto, akanunuliwa na ndugu wawili wafanyabiashara wa Bordeaux, akapelekwa shambani kwao Saint-Domingue, nchi ambayo leo ni Haiti. Testas ni jina la walionunua.

Sasa katika mojawapo ya hadithi zile tatu, Rogers anatembea usiku kandokando ya mto huo huo, ukurasa na nusu mzima. Ameona taa. Ameona boti. Amemwona hadi mbwa wa kizungu aliyevalishwa sweta. Dada aliyetokea pande zetu amesimama pale kwa shaba, na kaka amempita!

Naam. Hapo ndipo naingia kwenye Pangani, kwa sababu mwandishi wa hadithi ile ni mshikaji wangu, na tulikwenda naye Pangani kwa miguu yake mwenyewe, si kwa akili.

Ilikuwa Desemba. Tulikuwa wanne kama wale wa kwenye hadithi, ila badala ya mabegi ya magurudumu tulibeba michembe ya mama zetu. Bariadi hadi Maswa, hadi Mwigumbi, Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma. Pale Dodoma kuna mvinyo wa Kitanzania hasa, zabibu zilizoanzia kwa mapadre wa Bihawana, na tulinunua chupa moja ya kuchangiana iliyotuumiza vichwa mpaka Morogoro. Kisha Chalinze, Segera, Muheza, Tanga, na ile njia ya pwani inayoshuka kusini. Ukifika umeshasahau umbo la makalio yako. Lakini unapouona ule mto unaingia baharini unakubali kwamba safari imelipa. Pangani unatoka kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita Nyumba ya Mungu, unazungusha mitambo ya umeme njiani, halafu unamalizikia pale, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, mji ukingo wa kaskazini na Bweni ukingo wa kusini.

Vijiweni kwetu Ulaya tunaiita mamtoni. Basi mimi nasema mamtoni nimefika. Kulikuwa na mto, kulikuwa na mji mkongwe wa biashara, kulikuwa na milango ya nakshi, na kulikuwa na mvinyo vilevile: tembo la mnazi, linalogemwa asubuhi likiwa tamu na jioni likiwa na maneno. Tuliponda raha, siwezi kukataa. Tulivuka kwa kivuko kwenda Bweni na kurudi bila sababu yoyote, mara tatu, kwa ajili ya upepo tu. Tulikula changu wa kuchoma mpaka tukaonea aibu wingi wa miiba mezani. Mmoja wetu, mtoto wa bara aliyezoea mto wa Simiyu ambao kiangazi unakuwa mchanga mtupu na watu wanachimba visima humo humo, aliingia baharini akanywa maji makusudi ahakikishe kama kweli yana chumvi.

Tuliporudi mshikaji akaandika. Nikasoma. Minazi, upepo mwanana, machweo, tabasamu la wenyeji wakarimu. Alichofanya ni kumtoa Rogers Bordeaux na kumweka Pangani, na tembo kalimimina kwenye glasi ile ile.

Nikamwuliza: na yule mzee je? Akanijibu jibu ambalo ndilo limenifanya nichukue kalamu. "Mimi nilikwenda kupumzika, kaka. Sikwenda kutoa rambirambi."

Yule mzee tulimkuta amekaa kwenye kibaraza karibu na boma la zamani. Tulikuwa tunabishana kwa Kisukuma kuhusu hela ya chumba. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akacheka kwa nguvu. "Wasukuma! Mmekuja kukata mkonge?" Tukasema hapana babu, tumekuja kutembea. "Kutembea? Wenzenu walikuja na namba shingoni, nyie mnakuja na miwani ya jua!" Akatutania hivyo nusu saa nzima, na sisi tukamrudishia, maana utani wa watu wa bara na watu wa pwani hauna wakili. Mshikaji alicheka kuliko wote. Kwenye makala yake mzee yule ni "mzee mmoja mcheshi". Mstari mmoja. Namba shingoni haimo.

Hebu tuitazame basi hiyo namba, maana ndiyo pipa la mvinyo la Pangani.

Mji ule ulipata utajiri kwa pembe za ndovu na kwa watu, na baadaye kwa sukari. Katika karne ya 19 mashamba ya miwa yalitanda kando ya mto, watumwa wakilima, sukari na asali ya miwa zikivushwa kwenda Unguja na ng'ambo. Mwaka 1873 Sultani Barghash alibanwa na Waingereza akapiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Shambani utumwa ukabaki. Vitabu vya shule vimetupa Abushiri bin Salim, shujaa aliyeinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani mwaka 1888 pale pale Pangani, na akanyongwa pale pale Desemba 1889. Sawa, apewe ushujaa wake. Ila Abushiri alikuwa na shamba la miwa, na watumwa wa kulilima. Shujaa mwenye watumwa! Mwandishi anayetafuta mhusika, kisa kikubwa kama hicho kinamtazama usoni, yeye anatafuta machweo.

Wajerumani wakashinda, na kitu kingine kikaja. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani, mwaka 1893. Kutoka kwenye hiyo 62 ukatokea mkonge uliotapakaa Tanga, Korogwe, Muheza, Kilosa, mpaka nchi hii ikaongoza duniani na katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Nani aliukata? Wenyeji wa pwani hawakuukimbilia, walikuwa na minazi yao na bahari yao. Waliokatwa na miiba ni watu wa mbali: Wanyamwezi, Wasukuma, Waha, Wabena na wengineo. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kukusanya vibarua, SILABU, likawa linawabeba watu kutoka bara kwa mkataba. Kibarua alipewa kipande, kadi ya siku 30. Hajaimaliza, hajalipwa mwezi. Akapewa na namba. Ndiyo maana wakaitwa manamba.

Kaka mkubwa wa babu yangu aliondoka mwaka 1949 kwenda Tanga na hakurudi. Nyumbani hakuna picha yake, hakuna barua, kuna neno moja tu: "alipotelea mkongeni." Sikwenda Pangani kumtafuta, nilikwenda kuogelea kama wenzangu. Lakini babu yule aliposema namba shingoni, kicheko changu kilikatikia katikati, na nikatazama huku na huku kuona kama mwenzangu naye amesikia nilichosikia. Alikuwa anatafuta pembe nzuri ya kupigia boma picha.

Na kabla ya mkonge tulikuwa wapi? Tulikuwa chini ya pembe. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, sehemu kubwa walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Frasila mbili begani, yaani kama kilo 32, kutoka bara hadi pwani kwa miezi, na kurudi na nguo na shanga. Njia yao kuu ilishukia Bagamoyo, lakini pwani yote ya Mrima iliujua mgongo wao. Hata ule utani tulioufurahia pale kibarazani ulikomaa katika misafara hiyo, watu wasiojuana wakihitaji kupitishana, kulishana na kuzikana njiani. Kwa hiyo Msukuma anapokanyaga miji ya pwani si mtalii. Ana hisa. Mzee mcheshi alitutambua mara moja. Sisi wenyewe ndio hatukujitambua.

Sasa najibu hilo la rambirambi.

Kwanza, hakuna aliyesema usiponde raha. Pembe ile ilibebwa na vijana wa umri wetu, na hao nao waliimba, walilewa, walitongoza, walipigana kwa ajili ya wanawake huko pwani, walinunua nguo za kuringia na kurudi nazo kwao wakiwa mabishoo wa wakati ule. Kwenda pwani ilikuwa ndiyo ujana wenyewe. Kwa Wanyamwezi asiyefika pwani alihesabika bado mtoto. Ukiwaandika hao hutoi rambirambi kwa mtu. Unaandika likizo ya kwanza ya kijana wa Usukuma, yenye mzigo wa kilo 32 ndani yake. Ipi tamu zaidi kusoma, hiyo au Rogers?

Pili, kuna wanaosema historia ina mahali pake, darasani, na fasihi ni burudani. Hawa nawaheshimu zaidi kidogo kwa sababu angalau wana hoja. Lakini mtu akitaka kusoma habari za Pangani kwa kina, kitabu kikubwa kuhusu sherehe, ugomvi na madeni ya mji ule kabla ya Wajerumani kiliandikwa na Mmarekani, Jonathon Glassman, kikatoka mwaka 1995, kwa Kiingereza. Yeye aliona mapambo, karamu, watumwa wanaotaka waitwe waungwana, wapagazi wanaotaka waitwe watu wa mjini. Mambo ya riwaya matupu! Profesa wa Marekani ayaone, na mtunzi wa Bariadi aliyelala pale usiku wa nne aone upepo mwanana?

Na msiseme Pangani ni pembezoni, mwandishi hawezi kutokea hapo. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha Pangani. Alianza kazi hiyo ya forodha mwaka 1926, akiwa kijana wa miaka 17. Tafakari kazi yenyewe: kukaa kando ya mto, kuhesabu mizigo ya watu, kuandika nini kimetoka na nini kimeingia. Sijui chuo kipi cha uandishi kingemfunza mtu vizuri kuliko dawati lile.

Mshikaji atasema, haya, umeshinda Pangani, mimi narudi Bordeaux, huko wapagazi wako hawapo. Nimeshamwonyesha kwamba wapo. Lakini hata Pangani simlazimishi. Aanze na hapa alipokaa.

Maana sisi nasi tuna mvinyo wetu, unaitwa pamba. Buluba. Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa pamba; mkoa ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, lakini biashara hii ilikuwapo kabla hata ya wilaya. Kwa pamba hii wakulima wa Kanda ya Ziwa walijenga ushirika wao miaka ya 1950, kina Paul Bomani, hadi chama kikuu cha Victoria Federation mwaka 1955 kilichozungumziwa Afrika nzima. Halafu mwaka 1994 soko likafunguliwa kwa watu binafsi, na ndoo za mchanga zikaingia kwenye magunia, maji yakaingia kwenye pamba, na mizani ikajifunza kusema uongo kwa pande zote mbili. Kila msimu unapofunguliwa Bariadi inageuka. Gesti zinajaa. Bodaboda mpya zinang'aa. Watu waliokwishaachana wanarudiana. Wenye madeni wanajificha mchana na kunywa usiku. Karani wa ununuzi, kijana wa kidato cha nne, kwa wiki kadhaa anakuwa mungu mdogo, wazee wanamwamkia wao. Kisha hela inakatika, na mji unarudi kwenye vumbi lake mpaka mwakani. Hayo yote yanatokea mita 300 kutoka kijiwe tunachokutania sisi waandishi, na katika hadithi kumi na mbili tulizosomeana mwaka huu pamba imetajwa mara moja, ikiwa kwenye mto wa kulalia wa Rogers.

Najua sababu. Pamba inanuka nyumbani. Kijana anayeandika anataka aonekane ametoka, ameona, ana macho ya mbali, na mama anayechuma pamba akiwa na mtoto mgongoni anamkumbusha alikotoka. Basi anamfuta mama, anafuta shamba, anabaki na glasi. Hiyo anaiita fasihi ya kisasa. Mimi naiita aibu iliyovaa miwani ya jua, na naisema hapa kwa sauti kwa sababu wahariri wetu wanaipenda pia. Ikitokea hadithi mbili zimefika mezani, moja ya Dutwa na moja ya Ufaransa, mnajua ipi inapewa ukurasa wa mbele.

Mshikaji amesema atanijibu toleo lijalo. Vyema, nafasi ipo. Katika kujibu naomba anieleze jambo moja dogo kuhusu Rogers. Pale Bordeaux, usiku wa mwisho, analipa bili ya watu wanne, chupa mbili, na kumwachia mhudumu chenji. Hela hiyo ni ya nani? Kama ametumiwa na baba yake, baba yake anauza nini, anamwuzia nani, na mizani anayopimia ni ya nani?